Uzi maalumu: Lile ua jekundu la msituni linalotangulia majani – namna ya kulikuza Nairobi bila kulifukua Karura

Kivulini (mleta uzi)

Salaam wapenda maua. Nafungua uzi huu sasa, Februari, kabla mvua ya masika haijashuka, maana ikishashuka kila mtu atakuwa anauliza habari za lile ua jekundu la msituni, na wengine watakuwa wameshalifukua na kulitia kwenye ndoo.

Nazungumzia Scadoxus multiflorus, ambalo wauza miche wa kando ya barabara huliita "fireball". Ukipita msitu wa Karura au wa Ngong Road hapa Nairobi mvua zinapoanza, utalikuta chini ya miti: shina moja nene la kijani, lina madoadoa ya zambarau kuanzia chini, majani hayapo kabisa au ndiyo kwanza yanachungulia, na juu yake duara jekundu linaloshinda ngumi mbili. Sogea karibu. Si ua moja hilo, ni kichala cha vijiua vyembamba, wakati mwingine hadi 200, kila kimoja na petali sita kama nyuzi na stameni sita zilizochomoza nje zikiwa na vichwa vya njano. Stameni hizo ndizo zinazolipa duara lile miale yake. Linapendeza hivyo kwa wiki moja, pengine mbili, kisha majani yanashika zamu.

Ni mmea wa kwetu. Umeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara na hata ng'ambo ya Bahari ya Shamu, Arabuni. Vitabu vya zamani huuita Haemanthus multiflorus; ukikutana na jina hilo, ni huyo huyo.

Na Nairobi inaufaa sana. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, jalidi hatuijui mjini, tuna mvua za masika na vuli na kiangazi katikati. Mmea huu umezoea mzunguko huo tangu hapo. Kinachouua mikononi mwetu ni kumwagiliwa maji wakati umelala. Majani yakishakauka, tunguu linabaki chini ya udongo likisubiri. Mtu akitazama chungu kitupu anaona huruma, anakinywesha kila jioni, na tunguu linaozea humo humo bila yeye kujua. Machi inafika, hakuna kinachotokeza, anasema ua hili ni gumu. Si gumu hata kidogo. Liache lilale.

Nalilea hapa Uthiru, kwenye udongo mwekundu, chini ya mti wa mukinduri. Ulizeni, na wenye uzoefu zaidi yangu waongeze.

GhorofaYaTano

Ndugu Kivulini, asante kwa uzi. Mimi ni mpangaji Kasarani, ghorofa ya tano, ardhi sina hata futi moja. Balkoni yangu inatazama mashariki na ina paa, mvua haifiki. Litaishi kwenye chungu? Udongo gani?

Kivulini

Litaishi vizuri, ndugu yangu. Balkoni ya mashariki ndiyo nzuri kuliko zote: linapata jua la asubuhi hadi saa nne hivi, kisha kivuli. Jua la saa saba linayaunguza majani, yanapauka halafu kingo zinakauka. Wenye balkoni za kaskazini na kusini wakumbuke kwamba tuko karibu na ikweta na jua linahama. Desemba linapita upande wa kusini, Juni upande wa kaskazini. Mahali palipokuwa na kivuli kizuri mwezi mmoja panaweza kuwa panapigwa na jua miezi sita baadaye.

Chungu cha udongo wa kuchoma nakipenda kuliko cha plastiki kwa sababu kinapumua na hakikai na maji. Upana wa sentimita 20 unatosha tunguu moja kubwa. Usinunue kikubwa ukidhani unalipa nafasi. Udongo mwingi usio na mizizi ni udongo unaokaa umelowa. Matundu chini ni lazima.

Mchanganyiko wangu: sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mboji ya majani iliyooza hadi ikawa nyeusi, moja ya mchanga mnene wa mto ulioshwa. Pima hivi. Lowesha kidogo, kamata konzi moja, ubane, kisha fumbua mkono. Likibaki bonge linalong'aa, ongeza mchanga. Likivunjika ukiligusa kwa kidole, uko sawa. Mboji hiyo usiende kuichota msituni tafadhali. Majani ya jakaranda yanayofagiliwa mitaani na kuchomwa bure yanatosha. Yajaze kwenye gunia, yaloweshe, yaache kivulini mpaka yaoze.

Panda tunguu shingo ikiwa usawa wa udongo, au ichungulie kidogo. Ukilizika ndani sana linatumia nguvu kupanda juu na linakuwa rahisi kuoza.

Kwa kuwa mvua haikufikii, wewe ndiye mvua. Masika ikianza kunyesha nje, mwagilia mara moja kwa wingi mpaka maji yatoke chini, halafu ngoja. Ncha ikichomoza ndipo uanze kumwagilia kila udongo wa juu unapokauka.

UdongoMweusi

Ninyi wa Uthiru na Kikuyu mmebarikiwa udongo. Mimi niko Embakasi. Huku udongo ni ule mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi. Nikichanganya na mchanga si itakuwa sawa?

MamaPendo

Mwanangu wa Embakasi, usihangaike kuubadilisha udongo huo. Mchanga kidogo ndani yake hausaidii, na mwingi wa kutosha utakugharimu lori zima. Tunguu ukilitia humo maji yatasimama mvua ya kwanza tu. Tena udongo ukivimba na kupasuka unakata mizizi.

Jenga juu yake. Panga mawe ya ujenzi yaliyobaki, hata yaliyovunjika, upate tuta la kimo cha sentimita 30 au 40. Usitie saruji katikati ya mawe. Acha maji yatokee pembeni. Ndani yake jaza mchanganyiko aliousema Kivulini. Mimi nina tuta la namna hiyo South C na matunguu yanaongezeka yenyewe.

La pili ni kivuli. Huko kwenu miti ni michache. Panda vichaka vya maigoya upande wa magharibi wa tuta. Yanakua haraka kwa vipandikizi tu, na yatazuia jua la alasiri ndani ya msimu mmoja. Msipande ua hili chini ya mkaratusi. Mkaratusi unanyonya maji yote na majani yake hayaozi upesi.

NasariKando

Mimi ni mwuza miche, niko kando ya Kiambu Road, na niseme ukweli kutoka upande wetu. Wateja hawataki tunguu lililolala. Wanataka kuona ua limechanua ndipo watoe pesa. Kwa hiyo kuna vijana wanaotuletea matunguu na maua yake kila Aprili, yamefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na hatuulizi yametoka wapi. Miche ya mbegu inachukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Nani atanilipa kwa miaka hiyo yote?

MchunguMsitu

Ndugu NasariKando, nashukuru umesema wazi, maana hapa ndipo penye shida yenyewe. Hayo matunguu yanatoka msituni. Najua kwa sababu natembea Karura mara kwa mara na naona mashimo.

Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na ina hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji. Ilinusurika kwa watu kusimama mbele ya walioinyakua. Januari 1999 Wangari Maathai alishambuliwa na kujeruhiwa kwenye lango la msitu huo alipokwenda na wenzake kupanda miti. Tunayoyaona chini ya miti leo yapo kwa sababu hiyo. Na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuondoa mazao ya msitu wa umma bila kibali, na mmea uliofukuliwa ni zao la msitu kama ilivyo kuni.

Ua hili si kama gugu ambalo ukiling'oa linarudi wiki ijayo. Tunguu lililochanua limekua kwa miaka. Ukilitoa kabla matunda hayajaiva, umetoa mama na watoto wa mwaka huo pamoja.

NasariKando

Nakubali, mwenzangu. Lakini niambie nifanye nini badala yake, nisiambiwe kuacha tu. Nina familia.

MchunguMsitu

Una haki ya kuuliza. Anza na matunguu machache unayojua yalikotoka, mathalani kwa MamaPendo yanayojigawa yenyewe. Yatunze kama mama mbegu. Yatakupa watoto pembeni na mbegu kila mwaka. Mwaka wa kwanza na wa pili hutauza. Kuanzia hapo utakuwa na miche ya umri mbalimbali, na unaweza kuiuza ikiwa na majani tu kwa wanaoelewa. Bandika picha ya ua kwenye chungu. Wateja wa Nairobi wananunua mparachichi ambao hautazaa kesho. Watanunua na huu wakielezwa.

Na kwa wanunuzi: kabla hujatoa pesa, shika shina chini kabisa ulivute taratibu. Mmea uliokulia kwenye chungu unakuja na chungu chake, mizizi imeshika. Uliofukuliwa jana unacheza, na ukifunua udongo utaona mizizi minene imekatwa kwa jembe. Ukiona hivyo, rudisha. Kusema "nimeuokoa" baada ya kuulipia ni kumtuma kijana yule yule arudi msituni kesho.

Kivulini

Naunga mkono yote, na naongeza jambo moja. Kuna matunguu yanayokufa kweli bila mtu kuyajali: yaliyo kwenye ploti za watu binafsi zinazosafishwa kwa ujenzi, hasa huku Kikuyu, Ruaka, Kiambu na Karen. Hayo ndiyo ya kuokolewa. Mwone mwenye ploti, omba ruhusa, na wengi hawakatai, wanashangaa tu kwamba kuna mtu anayataka.

Ukipata nafasi ya kuchagua, weka kijiti penye ua wakati limechanua, urudi majani yakishakauka. Ila tingatinga haisubiri mtu. Ikibidi ulitoe likiwa na majani, chimba mduara kwa mbali, upana wa koleo pande zote, uliinue na bonge lake la udongo bila kulitikisa. Majani usiyakate. Ndiyo yanayolisha tunguu kwa ajili ya ua la mwaka ujao.

Binti_wa_Moshi

Wakuu, nafuatilia kutoka Tanzania, huku kwetu pia lipo. Naomba kuelimishwa kuhusu mbegu, maana langu lilitoa vitunda vyekundu vizuri, nikavianika vikakauka kama mahindi, nikavipanda vuli. Hakuna kilichoota.

MamaPendo

Karibu sana binti yangu. Hapo kwenye kuanika ndipo. Mbegu hii haihifadhiwi. Imejaa maji ndani na ikikauka imekufa, hivyo haiwezi kukaa kwenye bahasha kama sukuma wiki.

Ngoja kitunda kigeuke kutoka kijani hadi chekundu na kilegee kidogo ukikibonyeza. Vaa glavu. Kikamue kidole kwa kidole. Itatoka mbegu moja, pengine mbili au tatu, nyeupe inayoelekea kijani, laini, imezungukwa na ute. Osha ute huo wote kwa maji na uisugue kwenye kitambaa, kwa sababu nyama ya tunda inaleta ukungu. Siku hiyo hiyo, ipande.

Kupanda kwenyewe: jaza trei au mkebe wenye matundu kwa mboji na mchanga nusu kwa nusu. Usizike mbegu. Ikandamize tu juu ya udongo mpaka nusu yake izame, nusu ionekane. Weka kivulini na uhakikishe unyevu haukatiki. Baada ya wiki chache utaona mzizi mnene unatoka ubavuni na kuinamia udongo, na ncha ya mzizi huo itaanza kuvimba. Hicho ni kitunguu kichanga kinajengeka.

Sasa hapa wengi wanakata tamaa: jani linaweza kuchelewa sana, hata mpaka mvua zinazofuata. Mtu anaona mbegu imesinyaa, hakuna kijani, anamwaga trei nzima. Usimwage! Chokonoa pembeni kwa kijiti. Ukikuta kijitunguu cheupe saizi ya punje ya dengu, mmea wako ni mzima. Funika, endelea.

Kuanzia hapo mpaka ua ni miaka mitatu hadi mitano, inategemea chakula na kivuli. Mwaka wa kwanza jani moja, baadaye mawili matatu. Usiyahamishe hamishe.

GhorofaYaTano

Mama, mimi nina moja kutoka kwa binamu yangu wa Kinoo, lilichanua mwaka jana lakini halikutoa hata kitunda kimoja. Tatizo chungu?

MchunguMsitu

Huenda ni wageni hawakufika. Jamaa yake wa karibu wa Afrika Kusini, subspishi katharinae, huchavushwa na vipepeo wakubwa wenye mikia, na chavua husafiri kwenye mabawa yao wanapopiga piga juu ya duara, zaidi ya miguuni au mdomoni. Ghorofa ya tano Kasarani vipepeo wa namna hiyo ni wachache. Chukua brashi laini ya rangi, ipake chavua ya njano kutoka ua moja, igusishe kwenye kile kijiti cha katikati cha ua la mmea mwingine. Ukipata mmea wa pili wenye asili tofauti ni vizuri zaidi. Fanya asubuhi, rudia kwa siku kadhaa kwa sababu vijiua havifunguki vyote pamoja.

DaktariWaMbuzi

Nimesoma uzi wote na kuna jambo limegusiwa kwa neno "glavu" tu. Naomba nilitilie mkazo kama mtu wa mifugo.

Mmea huu una sumu, na iliyo nyingi iko kwenye tunguu. Uko katika ukoo mmoja na Crinum na Amaryllis, na wote hao wana kemikali za sumu ziitwazo alikaloidi, kama laikorini. Sehemu mbalimbali za Afrika tunguu hili limetumika kutengeneza sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Mbuzi au kondoo akilila anaweza kufa. Mbwa wachanga wanapenda kufukua udongo mpya, kwa hiyo tunguu lililopandwa jana ndilo wanaloanza nalo. Dalili ni kutokwa mate mengi, kutapika, kuharisha na kulegea.

Vitunda vyekundu vinavutia watoto. Nyumba yenye mtoto wa kutambaa, weka chungu juu asikokifikia au kata kichala kabla hakijaiva. Mtoto au mnyama akila, usimpe maziwa ukasubiri kuona. Nenda hospitalini au kwa daktari wa mifugo mara moja, na ubebe kipande cha mmea wauone. Ukishika matunguu, vaa glavu na unawe mikono kabla ya kugusa macho, utomvu unawasha.

Simwambii mtu asilikuze. Mimi mwenyewe ninalo. Nimeliweka upande wa ukuta ambao mbuzi wa jirani hawapiti.

MamaPendo

Asante daktari. Hata vipande unavyokata usivitupe kwenye rundo la majani ya ng'ombe.

UdongoMweusi

Narudi, sasa ni Mei. Tuta nilijenga, MamaPendo alinipa matunguu matatu, moja lilichanua. Sasa majani yamefunguka lakini yana madoa mekundu, na jana nimekuta jani moja limekuwa wazi kama karatasi, ndani limeliwa. Picha inakataa kupanda. Ni ugonjwa?

Kivulini

Pole, na hongera kwa ua. Tutenganishe mambo mawili hapo.

Madoa: yakiwa kwenye shina na sehemu ya chini ya majani, ni laini, yako ndani ya ngozi na ukipitisha kidole huhisi chochote, hiyo ni rangi yake ya kuzaliwa. Usiiguse. Yakiwa juu ya jani lenyewe, yana rangi ya kutu, yamebonyea au yana ukoko, na yanaongezeka kila wiki, huo ni ukungu unaoshambulia ukoo huu wote. Kata jani hilo, lichome au litupe mbali, na acha kumwagilia kwa kunyunyizia juu. Maji yapite chini kwenye udongo, asubuhi.

Jani lililobaki ngozi tupu ni kazi ya viwavi. Toka usiku na tochi, geuza majani. Utakuta viwavi wanene wenye rangi nyeusi na mikanda au madoa ya njano hafifu, wamekusanyika kwenye jani moja. Ni watoto wa nondo anayefuata matunguu ya ukoo huu. Huanza ndani ya jani, wakateremka shingoni, na wakifika kwenye tunguu wanalitoboa. Kwa hiyo usisubiri wikendi. Waokote kwa mkono, waponde. Angalia upande wa chini wa jani kama kuna vijiyai vilivyopangwa pamoja, uvifute kwa kitambaa. Baada ya hapo mafuta ya mwarobaini yanasaidia kuwazuia wapya.

Bonyeza na shingo ya tunguu. Ikiwa ngumu, salama. Ikizama, lifukue, kata sehemu yote laini mpaka ufikie nyama nyeupe ngumu, paka unga wa makaa, liache kivulini lipone kidonda kabla ya kulirudisha.

Konokono nao wanakula, lakini wao hutoboa matundu na kuacha alama ya ute, huwezi kuwachanganya.

NasariKando

Mbolea je? Mimi maua mengine nayapa samadi ya kuku.

MamaPendo

Ya kuku mbichi hapana, inaunguza mizizi na kuozesha. Samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka haina harufu, konzi moja juu ya udongo majani yanapofunguka, inatosha.

Kivulini

Kwangu hata mboji tupu inatosha, mama. Nimeona yanayopewa samadi yakitoa majani makubwa ajabu na ua dogo. Ukiongeza chochote kiwe na potasiamu kuliko naitrojeni, majivu kidogo ya kuni kwa mfano.

MamaPendo

Udongo wako wa Uthiru una chakula tayari. Kwenye tuta la kutengeneza, samadi mimi siachi.

Binti_wa_Moshi

Wakuu, sasa ni Agosti na majani yangu yote yanageuka njano kuanzia nchani. Sijabadilisha chochote. Nimeongeza maji lakini yanazidi tu. Nimekosea wapi?

Kivulini

Hujakosea, dada. Linaingia kulala. Acha maji kabisa kuanzia leo, na majani yaache yakauke yenyewe mpaka yang'oke kwa kuvutwa kidogo tu. Ukiyakata yangali na kijani unalinyima tunguu akiba yake.

Kwa walio na vyungu: vihamishie mahali pakavu mvua isipofika, penye kivuli, na uandike kwa kalamu ya wino usiofutika "amelala" ubavuni, maana fundi wa bustani au dada wa kazi atakimwagilia kwa nia njema. Kwa walio ardhini penye maji yanayopita vizuri, hakuna cha kufanya. Mvua za vuli zikija, mengine huamka na kutoa majani tena, mengine hukaa mpaka masika. Yote mawili ni sawa. Usilazimishe lililolala.

Watu wa Limuru na Tigoni, huko juu jalidi hupiga mara mojamoja. Funikeni na majani makavu au ingizeni vyungu ndani.

GhorofaYaTano

La mwisho kutoka kwangu. Chungu kimejaa, watoto watatu wamechipuka pembeni na udongo umeinuka. Niwagawe sasa yamelala?

MamaPendo

Usifanye sasa, mwanangu. Ua hili halipendi kusumbuliwa, na linachanua vizuri zaidi likibanwa kidogo. Mpaka chungu kianze kupasuka au maua yaanze kupungua, liache. Miaka mitatu minne bila kuligusa ni kawaida. Wakati wa kugawa ni mwisho wa usingizi, Februari hivi, kabla ya mvua, ili majeraha yakutane na mizizi mipya inayoanza kutoka. Litoe na udongo wote, ukung'ute kwa mkono, utaona mtoto ameshikana na mama kwa kipande kifupi. Mwenye mizizi yake mwenyewe mtenge kwa kisu safi. Asiye na mizizi mwache kwa mama mwaka mwingine. Paka unga wa makaa penye kidonda, subiri siku mbili tatu, panda, na usimwagilie mpaka uone ncha.

Watoto wa ziada mpelekee NasariKando, anatafuta mama mbegu.

NasariKando

Nitawapokea. Nimeshatenga kibanda cha neti nyuma, chenye trei za mbegu za MamaPendo. Walioleta matunguu ya nailoni mwaka huu niliwarudisha. Mwenye ploti inayosafishwa upande wa Kiambu au Ruaka anitumie ujumbe humu ndani, nina koleo na mkokoteni.